Misimu miwili ya kufuatilia shamba na msitu kwa setilaiti: uzoefu wangu

Kwa misimu miwili nimekuwa nikifuatilia shamba la mahindi la robo hekta, na msitu unaopakana nalo, kwa picha za setilaiti za Sentinel-2. Picha zenyewe ni za bure na nazifungua kwenye tovuti ya Copernicus Browser. Setilaiti ya kwanza ya kundi hili la Ulaya ilirushwa mwaka 2015, na mbili zikiwa kazini, shamba hupigwa picha kila baada ya siku 5 hivi.

Ninachokiangalia zaidi ni kipimo cha NDVI. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mionzi ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. NDVI hulinganisha hivyo viwili na kutoa namba kati ya -1 na 1. Mimea ikistawi namba hupanda, ikidhoofika hushuka.

Msimu wa kwanza namba hizo zilinipoteza. Nilizunguka shamba na simu mkononi, GPS ikichora mpaka, kisha nikauingiza mchoro kwenye programu. Wiki baada ya wiki wastani ulikuwa mzuri, nami nikapunguza safari za shambani. Siku nilipokwenda nilikuta mahindi ya katikati yamedumaa na majani ya chini yamegeuka manjano. Niliumia sana, maana nilikuwa nimeamini kabisa.

Kosa lilikuwa kwenye mpaka. Nukta moja ya picha hizi ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo shamba la mita 50 kwa 50 lina nukta 25 tu, na 16 kati ya hizo ziko pembezoni. Simu nayo hukosea mita 5 hivi hata mahali peupe. Chini ya miti hukosea zaidi, kwa kuwa matawi huzuia mawimbi na kuyapotosha. Upande wa msituni mchoro wangu ulikuwa umeingia mitini, na ukijani wa miti ile ndio uliokuwa ukipandisha wastani wa shamba zima!

Msimu wa pili nilipima upya. Kila kona nilisimama dakika kadhaa, nikachukua vipimo vingi na kutafuta wastani wake, kisha nikausogeza mpaka ndani kwa mita 10 pande zote. Zikabaki nukta 9, lakini zote za mahindi matupu. Baada ya majuma machache moja ilianza kushuka peke yake. Nilikwenda moja kwa moja pale nikakuta maji yametuama. Picha isingeweza kuniambia kama ni maji, wadudu au upungufu wa mbolea, ila ilinionyesha pa kwenda, na mapema.

Mawingu ndiyo kero kubwa: mahindi hukua wakati wa mvua, na wakati huohuo ardhi haionekani. Rada ya setilaiti za Sentinel-1 hupenya mawingu, lakini haipimi ukijani. Shambani haikunifaa.

Msituni natumia Forest Watcher, programu ya simu ya Global Forest Watch, tovuti ya kufuatilia misitu duniani. Unapakua tahadhari za miti iliyotoweka ukiwa na mtandao, kisha unaingia msituni hata pasipo na mtandao, kwa sababu simu hupokea mawimbi ya GPS moja kwa moja kutoka angani. Nimefuata tahadhari mbili. Moja ilikuwa miti iliyoangushwa na upepo. Ya pili, alama ya simu ilinifikisha kwenye kichaka kisichoguswa. Nikazunguka hapo hadi harufu ya utomvu mbichi ikanielekeza kwenye visiki vya msumeno, hatua chache tu kutoka niliposimama. Walinzi wa msitu walipata taarifa siku hiyohiyo.

Kwa mwenye hekta moja na zaidi naipendekeza huduma hii ya picha za Sentinel-2 kwa moyo wote. Mwenye kipande cha mita 30 kwa 30 ahesabu kwanza: akikata mita 10 kila upande kama nilivyofanya mimi, anabaki na nukta moja.