TAHADHARI: Mliopo China, ule mchongo wa "mwalimu wa CET" unaozunguka kwenye magrupu ni utapeli

Wakuu habari za saa hizi. Naandika harakaharaka kwa sababu msimu wenyewe ndo huu, mtihani wa Kiingereza wa CET unafanyika mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na kila ukikaribia hawa jamaa wanaibuka upya. Kuna tangazo limeingia kwenye magrupu yetu ya WeChat, limeanzia la Wuhan likaenda Guangzhou, juzi nimeliona mpaka kwenye grupu la Wakenya, limeandikwa Kiingereza halafu chini kuna mtu kajitolea kulitafsiri. Wanataka wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaoongea Kiingereza vizuri wafundishe wanachuo wa Kichina onlaini, yuan 120 kwa nusu saa, uzoefu si lazima, malipo mwisho wa mwezi. Msiliguse jamani. Na kama umeshatuma picha ya pasi au QR kodi yako ya malipo basi soma mpaka chini, usiishie hapa.

Kwa mliofika juzi niwaeleze kidogo. CET ni mtihani wa Kiingereza wa wanachuo wa hapa, upo tangu 1987, una ngazi mbili, CET-4 na CET-6, na alama za juu kabisa ni 710. Kirasmi hakuna kufaulu wala kufeli, unapewa karatasi ya alama tu, ila 425 ndo kila mtu anaililia kwa sababu bila 425 ya CET-4 huruhusiwi kukaa CET-6, na ukienda kuomba kazi waajiri kibao wanaiuliza hiyohiyo. Sisi tunahangaika na HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, wao wanahangaika na hii. Ukikatiza kampasi asubuhi unawakuta wamesimama kwenye korido wanasoma maneno kwa sauti, kila mtu na lake, wengine wana hedifoni za redio shingoni maana vyuo vingi sehemu ya kusikiliza inarushwa kwa FM mle kwenye chumba cha mtihani. Sasa mtu mwenye presha ya namna hiyo akiambiwa kuna kozi ya wiki tatu, alama 425 ni garantii, usipopata unarudishiwa hela yote, unadhani hatatoa?

Hapo ndo tunapoingia sisi. Kuna dada yetu mmoja, jina naliacha, yupo mwaka wa pili wa masta, ndo aliyenifungulia simu yake nikasoma chati zote. Jamaa anajiita Laoshi, yaani mwalimu kwa Kichina, picha ya profaili ni mnara wa saa wa chuo fulani cha Uingereza, Kiswahili chake ni cha kuombea salamu tu ila anakuanza na "dada yangu" mpaka unajisikia upo nyumbani. Kwanza akamwomba arekodi voisi za dakika tano tano akisoma habari fupi, eti za mazoezi ya kusikiliza. Akarekodi. Kisha picha akiwa amevaa joho. Kisha ukurasa wa kwanza wa pasi, "kwa ajili ya mkataba". Mkataba wenyewe ukaja kwa PDF, una muhuri mwekundu mkubwa, ukisoma hauna jina la kampuni mahali popote, muhuri umeandikwa tu idara ya mafunzo. Idara ya mafunzo ya nani? Hakuna.

Wiki ya pili ikaja meseji ambayo naomba muisome vizuri kwa sababu hii ndo mtego wenyewe, mengine yote ni mapambo: "Dada yangu, akaunti ya kampuni ipo kwenye matengenezo wiki hii, wanafunzi watalipia kwenye QR yako, toa asilimia 10 yako kabisa, inayobaki nitumie kwenye akaunti hii." Asilimia 10 papo hapo, tena mwezi hata haujaisha, nani anakataa? Hela zikaanza kuingia, 399, 399, 699, majina ya Kichina yasiyo na mwisho, na yeye anazisukuma mbele kwenye akaunti ya mtu ambaye hajawahi kumwona.

Upande wa pili wanafunzi walikuwa wanaoneshwa tangazo lenye picha yake ya joho, chini imeandikwa ni mwalimu mzoefu kutoka London. Mtoto wa Morogoro huyo. Na voisi zake zimebandikwa kama "sampuli ya mtihani ujao". Kozi ikawa vipindi viwili vya kupiga stori, halafu kimya, Laoshi kafuta akaunti, grupu limevunjwa, na wanafunzi wakitafuta mtu wa kumdai wanamkuta nani? Yupo mmoja tu mwenye jina, sura na rekodi ya kupokea hela. WeChat Pay yake ikafungiwa, kwa hapa China ukifungiwa hiyo hata maandazi ya mvuke hununui, na baada ya hapo akaitwa polisi, akaenda na mwalimu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kilichomsaidia ni kwamba hakufuta chati hata moja.

Mimi kwenye maabara nakaa na dogo mmoja Mchina wa mwaka wa pili ambaye naye alishalipia kifurushi kinachofanana na hicho, kwa muuzaji ambaye nahisi ni huyohuyo maana faili zina jina lilelile, nikamwambia hebu fungua tuone. Aisee. Jalada limeandikwa mwaka huu kwa herufi za dhahabu, "toleo la ndani, usisambaze". Ukifungua ndani, sehemu ya kusikiliza ina vile vimazungumzo vya sentensi mbili, mwanaume anasema kitu mwanamke anajibu halafu swali, na mwisho kuna imla ya kujaza nafasi. Hivyo vitu viliondolewa Juni 2016! Siku hizi CET-4 inaanza na habari fupi tatu za redio, zinafuata mazungumzo marefu mawili, kisha vifungu vitatu, maswali 25. CET-6 ndo kabisa, ina mihadhara. Nikashuka mpaka kwenye tafsiri nikakuta nusu sentensi tano za kumalizia, mtindo uliokufa 2013, kwa sababu tangu Desemba ya mwaka huo wanapewa aya nzima ya Kichina, chai, sikukuu, majengo ya kale, mambo kama hayo, na wanatakiwa waigeuze yote kuwa Kiingereza ndani ya nusu saa. Yaani dogo amekaa anakesha anafanyia mazoezi mtihani ambao haupo. Ni sawa na kusoma ratiba ya treni ya zamani halafu ukaenda kusimama stesheni.

Na hivyo vipindi vya kuongea na "mwalimu wa kigeni" navyo ni kiini macho, kwa sababu karatasi ya CET haina kuongea hata kidogo. Ni insha, kusikiliza, kusoma na tafsiri, kusikiliza na kusoma kila kimoja asilimia 35, insha 15, tafsiri 15. Mtihani wa kuongea upo ila ni wa pembeni, unajisajili kivyake na unafanyika kwenye kompyuta. Halafu niambieni, mwalimu ambaye hajui kusoma herufi za Kichina atamsahihishia nani hiyo tafsiri? Sisemi Kiingereza chetu kibaya, nasema muuzaji anauza sura yetu, hauzi somo.

Wachina wenyewe wakitaka mazoezi ya kweli wanachukua mitihani iliyopita na sauti zake, duka la vitabu la nje ya geti zinauzwa bando zima kwa bei ya chakula cha siku moja na kifaa cha kusikilizia wanaazimana. Ukikaa na rafiki yako ukamwona anavyofanya utaelewa, anaweka saa, anaandika insha dakika 30, anawasha sauti bila kuisimamisha, anapaka vile viboksi kwa penseli ya 2B papo hapo maana karatasi ya majibu ya kwanza, yenye insha na kusikiliza, inakusanywa sauti ikishaisha, hakuna kurudi nyuma. Kinachowaangusha wengi ni hicho, wanamezeshwa maneno elfu kadhaa lakini hawajawahi kukaa saa mbili mfululizo. Rafiki yako akikuomba msaada bure, msomee, mrekodie, msahihishie insha, hilo ni jambo jema na wala halihitaji Laoshi katikati.

Sasa kuna hatua ya tatu ambayo dada hakuifikia ila dogo wangu aliifikia. Siku mbili kabla ya mtihani muuzaji anatuma faili la zipu, "majibu halisi", lina paswedi. Paswedi unainunua. Ukishainunua anasema lipia kwanza dhamana ya kutunza siri, itarudishwa baada ya mtihani, na ukilipia hiyo unapigwa blok. Dogo alikuwa ameshashika simu alipie, nikamwambia ngoja, kwenye chumba cha mtihani si mnapewa seti tofauti tofauti, wewe na jirani yako karatasi hazifanani? Akasema ndiyo. Sasa hiyo A, C, B, D moja aliyokutumia ni ya seti ipi? Akacheka peke yake akaweka simu chini. Zile skrinshoti za "wanafunzi wa msimu uliopita walipata yote" nazo msizibabaikie, posti inaweza kuhaririwa baada ya mtihani huku tarehe ya zamani ikibaki palepale.

Na kwetu sisi hatua hiyo inakuja kwa sura nyingine. Kuna kaka yupo Jinhua kaniambia aliombwa awe hewani siku ya mtihani kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tano na dakika ishirini, atatumiwa picha za maswali ajibu, yuan 2,000. Huo ndo muda wa CET-4 kabisa! Hapo hufundishi, hapo upo kwenye genge la kuibia mtihani. Mchina anayekamatwa na kifaa cha mawasiliano kanuni za wizara ya elimu za 2017 zinaruhusu chuo kimfukuze moja kwa moja, wewe mwenye viza ya masomo utajitetea vipi?

Sheria zenyewe nazo zipo wazi, msidanganywe na mtu anayewaambia "wote wanafanya". Mwanafunzi wa kigeni akitaka kazi ya nje ya chuo anatakiwa apate kibali cha chuo kwanza halafu aende uhamiaji wa polisi waandike kwenye kibali chake cha ukaazi. Bila hivyo ni ajira haramu, faini ni yuan 5,000 mpaka 20,000, na ikionekana kosa ni kubwa unaongezewa siku 5 mpaka 15 ndani. Hiyo ni kwa kufundisha tu. La QR ni zito zaidi, sheria ya kupambana na utapeli wa simu na mtandao iliyoanza 1 Desemba 2022 inakataza kumkodisha au kumwazima mtu akaunti yako ya benki au ya malipo, na kwenye sheria ya jinai kuna kosa la kusaidia uhalifu wa mtandao, wakijiridhisha kwamba ulijua unachokifanya ni kifungo mpaka miaka 3. Hiyo asilimia 10 uliyochukua ndo itakayosomwa mbele ya afisa.

Kwa aliyekwisha kuingia: acha kupokea leo hii, usimtumie Laoshi hata senti iliyobaki kwenye akaunti hata akikutishia na huo mkataba wake, usifute chati, piga skrinshoti za kila muamala na namba zake, halafu nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujaitwa, mueleze mwalimu anayehusika na wewe muende naye polisi. Namba ya polisi ni 110, ya mambo ya utapeli 96110, na kama Kichina chako bado, uhamiaji wana 12367, Kiingereza kinapokelewa saa 24, maswali ya viza na kibali ulizia huko. Aliyetuma picha ya pasi peke yake na hajapokea hela aandike meseji ya wazi kwamba hakubali picha wala jina lake litumike, na skrinshoti yake aitunze.

Wale mliopo nyumbani mnaosubiri viza ya masomo, X1, kama ajenti wenu anawaambia ada isiwatishe kwa sababu mkifika kuna kazi ya kufundisha CET inayolipa hosteli na chakula, muulizeni kibali cha kazi atawapa nani. Ajenti wawili wa Dar nimeona wanaweka tangazo hilihili kwenye stetasi zao, sijui wanalipwa au nao wameingizwa mjini, ila linasambaa.

Maadmini wa magrupu naomba mlifute hilo tangazo na mumtoe aliyeliweka hata kama ni mtu wetu, huwa anaahidiwa yuan 50 kwa kila kichwa anacholeta. Akaunti yake mpya Laoshi ameshafungua, safari hii picha ni bendera ya Kenya na anaanza na "mambo rafiki". Mwenye skrinshoti zake anitumie inbox, dada anazikusanya, Alhamisi anarudi kituoni kuongezea kwenye faili lake.