TAHADHARI: Jamaa wa "dawa ya utitiri sugu" anazunguka Uyole, Ilomba na Mwanjelwa

Jamani wafugaji wa Mbeya, huyu mtu asifike bandani kwako. Nilikuwa nimeamua kunyamaza nife na aibu yangu, lakini jana nimeambiwa kaonekana tena Ilomba na kile kibegi chake cheusi, anatembeza dawa ya utitiri, hivi vidudu vidogo vinavyonyonya damu ya kuku, nyumba kwa nyumba. Ile si dawa. Kwangu alishapita, na kuku wangu nimewazika.

Najua wapo watakaoanza na "mama mzima na akili zako". Subirini kwanza niwaeleze alivyokuja.

Aliletwa na yule jirani yangu wa kona, ambaye naye aliletewa na mtu wa kanisani. Jioni, kagiza kanaanza kuingia. Koti jeupe, kitambulisho kinaning'inia shingoni, gambuti miguuni. Nimefungua geti, kasimama palepale nje, haingii. Ananiuliza, "Mama, maji ya dawa ya kukanyagia yako wapi?" Nikamwambia sina. Alinigombeza! Kwamba mnafuga kienyeji, mtu anatoka banda la mwenzenu mwenye kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, anaingia kwenu hivihivi, halafu mnalalamika kuku wanakufa. Akaomba beseni, akatoa chupa yake, akamimina, akachanganya na maji, akakanyaga mguu mmoja baada ya mwingine taratibu kama anaingia chumba cha upasuaji. Ndipo akaingia. Sasa niambieni, tapeli gani anaanza kwa kukugombeza? Mimi nilijua nimepata mtaalamu.

Na shida nilikuwa nayo kweli. Vilemba vimepauka, mayai yameshuka, tetea aliyekuwa anaatamia kakimbia mayai yake. Mwanangu akienda kuokota mayai anarudi anajikuna mikono yote. Nilishatumia ya unga ya dukani, utitiri ukapungua, ukarudi.

Akaomba karatasi nyeupe. Nikachana kwenye daftari la mtoto. Akaiweka chini ya mti wa kulalia, akagonga mti kwa kalamu, tak tak tak, akamulika na tochi ya simu. Utitiri ukadondoka kama pilipili ya unga, tofauti ni kwamba hii ilikuwa inatembea. Akamponda mmoja kwa kidole, ukabaki mstari wa damu kwenye karatasi. "Unaona? Hiyo damu ya kuku wako, mama. Mchana hawa wako kwenye nyufa, usiku ndiyo wanapanda kula." Hilo ni kweli, hata afisa mifugo alikuja kulirudia baadaye, na ndiyo maana nawaambia huyu mtu kasoma somo lake. Kisha akatoa kichupa cha kupulizia MFUKONI mwa koti, akapuliza mara moja. Tukahesabu pamoja. Hatujafika hamsini, karatasi nzima imetulia, hakuna anayetikisa mguu. Mwanangu akapiga makofi.

Akasema wa kwangu wameshakuwa sugu, hizi dawa za dukani za jamii ya sipamethrini hawazisikii tena, ila yake ni pareto asilia, lile ua la dawa, ya Makete iliyokamuliwa. Hapo ndipo aliponimaliza. Mimi pareto nimeichuma utotoni. Najua ile harufu kwenye vidole, najua inaua wadudu, najua Mafinga kuna kiwanda chake. Angesema dawa ya China ningesita. Kasema pareto, na mwisho kaniaga kwa "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, mtu wa nyumbani kabisa. Ungekuwa wewe?

Kidumu cha lita tano, elfu 35, akakitoa kwenye pikipiki. Si kile kichupa cha mfukoni. Kidumu. Akasema imeshachanganywa tayari, nisihangaike na vipimo. Nyeupe kama maziwa. Nikapiga banda zima, kuta, viota, mpaka kwenye paa.

Utitiri ukaendelea kula kama kawaida. Nikampigia, akapokea kwa upole mno, akasema, "Mama, hao wako ni sugu wa daraja la pili, nakuletea dozi kali." Akaleta chupa ya maji ya kunywa, ile ya plastiki nyeupe, ina kitu cha kahawia ndani. Elfu 20 nyingine. Hii akaniambia niwapake kuku wenyewe, chini ya mbawa na karibu na mkia.

Sitaki kuirudia asubuhi ile lakini nitaisema ili mjue. Niliona ute unawatoka mdomoni. Wanapepesuka, mbawa zimelegea, wanakaa chini wanahema midomo wazi. Jogoo wangu yule mwekundu mliyekuwa mnamgombania alikufa kichwa kikiwa kwenye bakuli la maji. Nampigia yule bwana, simu haipatikani. Mpaka leo haipatikani.

Afisa mifugo wa kata alifungua ile chupa, akanusa mara moja tu, akaniangalia. Dawa ya nyanya. Ile tunayopuliza bustanini, wadudu wa mazao, ambayo kwa kuku ni sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Akaniambia nizike wote, asile mtu nyama wala mayai, na niwafuate niliowauzia trei wiki ile. Mnajua nilivyopita mlango kwa mlango. Hiyo sitamsamehe. Kuku unanunua wengine, lakini kumgongea mwenzio kumwambia usimpe mtoto yai nililokuuzia!

Kile kidumu nilikuwa nimekiacha stoo na mabaki. Kimetulia, juu maji matupu unaona mpaka ndani, chini tope. Nikamwaga kidogo kwenye mfuniko wa sufuria, kikakauka, kikaacha vumbi jeupe lilelile la ukutani. Kama si chokaa basi ni ndugu yake. Kwa hiyo hakukuwa na daraja la pili wala la kwanza. Afisa alisema usugu upo, huko Ulaya utitiri mwekundu umeshazizoea dawa kadhaa za jamii ya sipamethrini, lakini huwezi kumwita mdudu sugu wakati ulichompulizia ni chokaa. Na ile ya unga ya dukani inawezekana ilifanya kazi yake, tatizo niliwapaka kuku nikaacha nyufa, na sikurudia. Mayai ya utitiri hayafi na dawa nyingi, yanaanguliwa, na kukiwa na joto ndani ya wiki hivi una kizazi kipya. Banda ukiliacha tupu ukidhani watakufa njaa, wanakaa miezi wanakusubiri.

Alinieleza pia kwamba mwaka 2017 Uholanzi na Ubelgiji mamilioni ya mayai yalitolewa sokoni kwa sababu dawa ya utitiri iliyouzwa kama ya mimea ilikutwa na fipronili, sumu ya wadudu ambayo hairuhusiwi kwa kuku wa mayai. Kwa hiyo hata wazungu na maabara zao wameshauziwa "asilia". Nikapumua kidogo.

Sasa huyu bwana. Sisemi apigwe, ila natamani afungiwe bandani kwangu usiku mmoja, kaptula tu, taa imezimwa, hao sugu wa daraja la pili wamfanyie kazi. Halafu asubuhi apelekwe soko la Mwanjelwa na kidumu chake, anyweshwe kikombe kimoja mbele ya watu aseme ladha ya pareto. RB, ile namba ya kesi ya polisi, nimechukua. Polisi wananiuliza "dawa yenyewe iliandikwaje jina?" Haikuandikwa kitu! Ndiyo kosa lenyewe hilo, kiongozi! Mtu anayeuza sumu ya nyanya ipakwe kwenye kuku anayetaga mayai ya watoto, huyo si wa faini. Huyo afungwe mpaka koti lake jeupe lioze.

Mnaouliza mtamjuaje: dawa haina lebo, haina namba ya usajili wala tarehe ya kuisha. Anakuonyesha kwa kichupa kimoja, anakuuzia kidumu kingine, na ukiomba kile cha mfukoni anasema ni sampuli. Pesa nilituma kwa simu likatokea jina la mwanamke, akasema ni mke wake. Na pareto, hili aliniambia afisa, inaharibika upesi kwenye jua, sasa yake inakaa kwenye chupa inayopitisha mwanga nyuma ya pikipiki kutwa nzima? Muulizeni pia mayai yasiliwe kwa siku ngapi baada ya dawa. Mimi nilimuuliza, akacheka, "ni asilia mama, kuleni tu."

Mwenye utitiri sasa hivi, toa maranda yote uchome, miti ya kulalia imwagie maji ya moto, ziba nyufa, kisha dawa ya duka la mifugo lenye risiti, ipige bandani hasa kwenye nyufa, urudie kama karatasi ya dawa inavyosema. Muulize afisa wa kata yako. Wangu hakunidai hata mia.

Picha na namba yake admini kakataza nisiweke, sawa. Ila akikugongea, usioneshe kama unamjua. Mwambie banda lako lina sugu wa daraja la tatu, mwekee beseni akanyage, mpe kiti, mpe na chai. Kisha nipigie. Namba yangu mnayo, hata saa nane usiku nakuja na bajaji.