Mavazi ya Mwanamume Lamu: Pesa Uitoe Wapi Kwanza

Ukiingia Lamu ukitafuta duka moja litakalokuvisha kuanzia utosini hadi unyayoni, utazunguka hadi uchoke. Mji huu humvisha mwanamume vipande vipande: kitambaa kwa huyu, cherehani kwa yule, kofia kwa mtu ambaye huenda hana hata kibao mlangoni, viatu kwa mwingine kabisa. Ndiyo maana wageni wengi huondoka na fulana yenye jina la mji na kanzu iliyoshonwa China, ilhali vitu vizuri wamevipita mlango wa pili tu.

Maduka mengi yako Usita wa Mui, ile njia ndefu inayopita nyuma ya majengo ya ufuoni. Kwenye ramani imeandikwa Harambee Avenue, lakini usimuulize mtu kwa jina hilo. Anzia uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, kisha elekea Mkomani upande wa kaskazini au Langoni upande wa kusini. Mpangilio ninaoutoa hapa haujali duka lipi lina rafu nzuri. Unajali jambo moja: ni kitu gani shilingi yako itanunua Lamu ambacho mji mwingine haukupi kwa bei hiyo?

Nafasi ya kwanza: kofia ya mkono

Hapa sina mjadala na mtu. Kanzu nzuri utaipata Mombasa, Zanzibar, hata Muscat. Kofia iliyoshonwa kwa sindano na mkono wa Lamu ni jambo jingine, na mwanamume wa pwani akikutana nawe huitazama kofia kabla ya kitu chochote ulichovaa.

Kofia ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa, zote za kitambaa cheupe kilichopandanishwa. Nakshi huchorwa kwanza, vitobo vikatobolewa, kisha kila kitobo kikazungushiwa uzi mpaka kikaze. Kofia moja hula wiki kadhaa. Ya nakshi nzito hula miezi. Wengi wanaoshona ni kina mama na wasichana majumbani mwao, katikati ya shughuli nyingine, ingawa wanaume washonaji pia wapo. Wenye maduka huzikusanya na kuziuza. Kwa hiyo ukinunua dukani unawalipa watu wawili. Si vibaya, maana mwenye duka naye ana kodi ya kulipa, ila ukiwa na mwenyeji wa kukufikisha kwa mshonaji, fikishwa. Utachagua nakshi mwenyewe, na pesa itaishia kwenye mkono uliofanya kazi.

Ukiishika kofia, igeuze kwanza. Kofia ya mashine ndani ina uzi wa chini unaokimbia mfululizo kutoka ua moja hadi jingine, na mara nyingi wameifunika bitana usiuone. Ya mkono, ndani yake ni safi karibu sawa na nje. Sasa iinue mwangani. Nuru ipenye kwenye vitobo vyote, kwa sababu vitobo vipo ili kichwa kipate upepo, na jua la kaskazi halina huruma na aliyevaa kofia iliyozibwa. Mwisho minya ukanda kwa vidole viwili, uachie. Ukirudi wima, kazi imekazwa. Ukilala, ugumu wake wote ulikuwa wa wanga, nao utaondoka na maji ya kwanza.

Kipimo chukua kwa uzi: uzungushe kichwani juu kidogo ya masikio, ukate, uende nao dukani. Hii inafaa hasa ukimnunulia baba au mkwe, maana kofia inayoteremka masikioni huwezi kuivaa mbele za watu. Kuifua ni maji, sabuni laini, wanga kidogo, bila kuikamua, kisha huvikwa faroma, kibao cha mviringo cha kuipa kofia umbo, mpaka ikauke. Asiye na faroma hutumia bakuli linalolingana na kichwa chake.

Kofia ya mashine ni ya mamia ya shilingi, ya mkono ni ya maelfu, na hupanda kadiri nakshi inavyobanana. Mtu akikuuzia "ya mkono kabisa, ndugu yangu" kwa bei ya mashine, iamini bei. Kupatana ruhusa, lakini kukata bei nusu kwa kazi ya mwezi mzima ni kumtusi mtu, na atakujibu kwa upole ambao utaujutia.

Ya pili: kanzu ya kushonesha

Hii ni shughuli ya milango miwili. Unanunua kitambaa, ndipo unaenda kwa fundi. Wapo wanaomwachia fundi anunue kitambaa mwenyewe. Mimi siwashauri, labda fundi awe ami yako. Muulize kwanza unahitaji kiasi gani. Kitambaa kipana, mwanamume wa kimo cha kawaida hutumia mita tatu hadi tatu na nusu, na mwenye kitambi aongeze bila kuona haya.

Utaonyeshwa pamba, polista na mchanganyiko. Utatajiwa pia Toyobo, kampuni ya Japani ambayo vitambaa vyake vya kanzu vinasifika katika nchi zote za Ghuba ya Uarabuni. Jina hilo peke yake lisikutoshe. Omba uzi mmoja wa ukingoni, uwashie kiberiti. Pamba huungua ikanukia karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu. Muuza kitambaa mkweli hatakasirika, huenda kiberiti akakupa yeye. Anayeishi bara na kuvaa kanzu Ijumaa kwa Ijumaa, mchanganyiko unamtosha: haukunjiki ovyo na weupe wake hudumu. Anayeshinda Lamu achukue pamba hata kama atapiga pasi kila siku, kwa sababu joto la hapa ukiwa ndani ya polista utalijua jina lake. Pamba iloweke usiku mzima, uianike, ndipo umpelekee fundi, la sivyo kanzu yako itafupika baada ya kufuliwa na lawama zitamwendea asiye na kosa.

Tia mkono chini ya kitambaa. Ukiweza kuvihesabu vidole vyako, jua kikoi cha ndani kitaonekana pia, basi vichague pamoja. Kikoi chekundu chini ya kanzu nyepesi kinaonekana hadi Manda, kisiwa cha ng'ambo.

Sasa fundi. Usimpime kwa cherehani wala kwa wingi wa wateja barazani. Omba kuona kanzu iliyokwisha na inayosubiri mwenyewe. Kanzu ni badani mbele na nyuma, taharizi za ubavuni zinazokupa nafasi ya kupiga hatua, vikwapa chini ya mikono, na kaba inayoishika shingo. Anayeharakisha hubana vikwapa kwa sababu havionekani kanzu ikiwa imetundikwa. Wewe vitazame hivyo hivyo. Siku ya kujaribu, usisimame tu mbele ya kioo ukijigeuza. Nyanyua mikono ufunge takbira: kanzu yote ikipanda nayo, vikwapa ni vidogo. Rukuu: ikikubana mgongoni, badani ni nyembamba. Keti kitako: ikikukaba magotini, taharizi hazikutosha. Yote haya hurekebishika fundi akiwa mbele yako na kitambaa cha akiba kimebaki, kwa hiyo mabaki usimwachie kabla ya kujaribu.

Mtindo ni wako. Shingo ya mviringo yenye kishada ni ya Kiomani, na kishada hicho hutiwa manukato. Kola ngumu na mikono ya vifungo ni ya Kisaudi. Wazee wengi wa hapa hubaki na kanzu nyeupe isiyo na makeke, darizi kidogo shingoni basi, na mimi niko upande wao. Darizi ikishuka hadi kitovuni, uwe unaoa. Rangi ya hudhurungi inafaa sana mjini penye punda wengi na vichochoro vyembamba; wenye akili wameshanielewa.

Lipa nusu, nusu ibaki hadi ujaribu. Na ukimwambia fundi unaitaka Ijumaa, taja Ijumaa ipi.

Ya tatu: makubadhi

Kazi ya ngozi katika visiwa hivi ina asili ndefu, na Siyu, kule kisiwa cha Pate, ilisifika kwayo. Makubadhi yanayouzwa Lamu si yote ya mkono mmoja, basi kunja. Shika kisigino na ncha, uvikutanishe taratibu. Ngozi halisi hujikunja ikarudi, ya bandia hupasuka mistari myeupe kwenye mkunjo. Tazama ukanda unaopita kati ya vidole pale unapoingia kwenye soli: ukiwa umegundishwa tu bila kushonwa, hapo ndipo utakapokuachia, tena mbali na nyumbani. Nunua yanayobana kidogo, ngozi hulegea. Mvua za masika zisiyakute nje.

Soli ya ngozi ni nzuri kwa macho, soli ya tairi ni nzuri kwa njia za Lamu. Chagua mwenyewe. Mapya kabisa usiyaache mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Wenyeji huenda na ndara.

Ya nne: kikoi na saruni

Hapa maduka yamejaa na ushindani ni mkali, hivyo bei haitakuumiza, ila pia si vitu vya Lamu peke yake. Saruni nyingi hutoka Indonesia, zimeshonwa mduara tayari. Kikoi ni cha wazi, kina mji, yaani sehemu yake ya katikati, wa rangi moja au mistari, mapindo ubavuni na matamvua mwishoni. Matamvua yaliyosokotwa na kufungwa fundo hayachopoki. Yaliyoachwa ovyo yataendelea kufumuka hadi kikoi kiwe leso. Lowesha kona ya kitambaa cheupe usugue kwenye pindo: rangi ikihamia, kitafuliwa peke yake maisha yake yote. Kijaribu kwa kukifunga. Kikoi kizito kizuri hukaa kiunoni kwa mkunjo wake, hakihitaji mkanda, na urefu wake hufika kwenye kifundo cha mguu. Vile vyepesi vya rangi kali vilivyotundikwa ufuoni ni vya kujifutia maji ya bahari, na kwa kazi hiyo havina ubaya.

Ya tano: kanzu zilizo tayari

Kwa watoto wanaokua, kwa harusi ya kesho, kwa mgeni wa siku mbili. Nyingi hutoka Ghuba na China. Namba ya shingoni, 52, 54, 56 hadi 60 na kuendelea, ni urefu wa inchi kutoka begani kushuka chini. Haisemi chochote kuhusu mabega yako. Nunua inayokaa vizuri mabegani hata ikiwa ndefu, kisha mpe fundi aipunguze chini. Mabega hayarekebishiki kwa pesa ndogo.

Kwenye maduka haya haya utapata koti la kuvaa juu ya kanzu na vizibao. Koti la bwana harusi ni afadhali kuazima kwa jamaa. Litavaliwa jioni moja. Bakora ya kuchezea goma, ile ngoma ya wanaume, tafuta kwa seremala.

Ya sita: maduka ya Shela

Shela ni kijiji cha ufuoni, kusini mwa mji. Shati la kitani, kaptula ya kikoi, kila kitu kimekunjwa vizuri na muuzaji hakusumbui. Mashati mengine yameshonwa kwa ustadi wa kweli na rangi zake zimetulia. Lakini bei imepangwa kwa mkoba wa mgeni, na shati hilo hilo, ukiwa na kitani chako na picha kwenye simu, fundi wa Langoni atalishona kwa kiasi kidogo. Nenda Shela kuiba wazo la kola.

Mtumba nimeuacha mwisho kwa sababu moja tu: kilichofika Lamu kimekwisha kuchaguliwa Mombasa kabla ya kupanda boti. Ukitaka mtumba, nenda soko la Kongowea huko huko Mombasa.

Kuhusu wakati wa kuja. Asubuhi maduka huwa wazi, adhuhuri mengi hufungwa hadi alasiri, na baada ya magharibi mji huamka tena. Vitambaa usinunue usiku, weupe chini ya taa hudanganya. Ijumaa mchana sahau. Salamu kwanza, ukiuliza hali ya nyumbani kabla ya bei, na mzee wa duka mwite shekhe au ami, hata kama umekuja na M-Pesa na haraka zako.

Mafundi huelemewa mara mbili kwa mwaka: Ramadhani kuelekea Idi, na Mfungo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, wakati wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, mji unapojaa wageni kutoka pwani nzima na kila mmoja anataka kanzu mpya. Kazi ya Idi mpelekee fundi Shaabani, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani. Baada ya kumi la kwanza la Ramadhani atakayekubali kazi yako amekubali pia za watu wengi kuliko mikono yake. Kofia ya nakshi nzito unayoitaka kwa Maulidi, iagize Mfungo Tatu, miezi mitatu kabla.