Pressure kwenye skrini kubwa, nyota 4

Aisee hii muvi nilikua naisikia tu midomoni mwa watu miaka yote niliyokaa London. Pressure ya Horace Ové, mzaliwa wa Trinidad, ndo filamu ndefu ya kwanza Uingereza kuongozwa na mtu mweusi. Iliporudi kwenye kumbi Novemba 2023, BFI (taasisi ya filamu ya Uingereza) washaisafisha, nikambeba mwanangu, ana miaka 16, kazaliwa hapahapa, njia nzima kanuna, eti baba muvi ya 1976 ntaangalia nini.

Basi inaanza na chai ya asubuhi. Tony kazaliwa London, mamake anamkaangia mayai na nyama ya nguruwe, kakake Colin aliyezaliwa Trinidad anamkejeli anavyokula kizungu, yeye anataka parachichi lake. Mwanangu akanigeukia bila kusema kitu, maana kwetu kila jumamosi vita ni hiyohiyo, mimi muhogo wa nazi yeye konfleksi. Kuanzia hapo simu hakuigusa tena. Tony ana vyeti vizuri, Kiingereza chake cha Ladbroke Grove kabisa, mtaa wa hapahapa London, ila akiingia kwenye intavyuu anayemhoji anashtukia ngozi kwanza, na dogo unamwona anavyonywea pale kwenye kiti, jamani.

Kile kipande cha ndoto cha kisu na nguruwe mpaka leo sijui kama nimekipenda. Halafu ukumbi tulioenda (siutaji) baridi kama friji na maandishi chini hamna, Kitrinidadi cha wazee kikanipita nusu nzima, mwanangu ndo akawa mkalimani wangu, nani angeamini.

Kinachoniuma ni kwamba BFI haohao ndo walitoa hela, muvi ikaisha, ikakaa kabatini karibu miaka mitatu, inasemekana vipande vya polisi kuonea watu ndo viliwatia kiwewe, na leo wao ndo wa kwanza kupiga vigelegele. Ové alipewa cheo cha "Sir" 2022, akafariki Septemba 2023, wiki chache tu kabla haijaonyeshwa upya Tamasha la Filamu la London. Sifa zimekuja mzee kashachoka.

Wiki iliyofuata dogo kaitafuta mwenyewe Burning an Illusion ya Menelik Shabazz, ya 1981, ile ambayo binti ndo kashika stori yote, kailipia kwa kadi yangu wala hakuuliza. Muhogo bado hali.