Karakana ya Katoyi inayopima kabla ya kubadilisha

Kwa majuma matatu pikipiki yangu ilikataa kuwaka kwa kitufe, ingawa kwa kiki iliwaka bila shida. Karakana ya kwanza niliyoiendea hapa Goma iliniuzia betri mpya kwa dola 28 bila kushika kifaa chochote cha kupimia, na siku ya nne ule mlio mkavu wa rele, swichi ya umeme iliyo chini ya kiti, ulirudi vilevile, demarere, yaani mota ya kuwashia injini, ikiwa imetulia kimya.

Ndipo nilipoipeleka kwa mafundi wawili wa mtaa wa Katoyi, ambao kazi yao naisifu kwa moyo wote. Yule mkubwa hakuanza na spana, alianza na mita. Betri ilisoma volti 12.7 injini ikiwa imezimwa, na nilipobonyeza kitufe ikashuka hadi 11.6 tu, ilhali betri iliyochoka ingeporomoka chini ya 10. Akapima ncha mbili nene za rele, akaridhika nazo. Kisha akaweka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na wa pili kwenye chuma cha injini, akaniomba nibonyeze tena: mahali ambapo haitakiwi kuzidi nusu volti, mita ilionyesha zaidi ya 6.

"Papa, betri yako ni nzima," akasema, "umeme unapotelea njiani."

Alipofungua bolti inayoshika kebo ya masi, ile inayounganisha injini na hasi ya betri, nilijionea mwenyewe kutu ya kijani iliyochanganyika na lile vumbi letu jeusi la volkeno, ambalo likilowa mvua hugandamana kama saruji. Aliisugua kwa msasa mpaka shaba ikang'aa, akakaza, akapaka grisi, na demarere ikazunguka kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka jana. Hakuniachilia kabla ya kupima chaji injini ikinguruma, akapata volti 14.1. Nililipa dola 5.

Kasoro yao ni kwamba hushughulikia pikipiki moja kwa wakati mmoja, hivyo nilingoja tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, tena pasipo na paa. Sharboni za demarere, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake na kuisha kwa kusuguliwa, pia hawaziweki. Mteja huzitafuta mwenyewe mtaa wa Birere. Zangu, alivyonionyesha, zimebaki fupi, kwa hiyo mwezi ujao nitazinunua na kurudi kwao kabla ya saa moja asubuhi.