Matairi mapya mepesi ya baiskeli ya resi: ubavu umechanika safari ya kwanza, naambiwa "ulijaza upepo mwingi"

Sikujaza upepo mwingi. Naanzia hapo kwa sababu ndilo jibu pekee nililopewa dukani niliporudisha tairi la nyuma, limechanika ubavuni milimita 12, safari ya kwanza tu, vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vimesimama. Kijana wa kaunta hakulishika, hakuligeuza, hakupitisha hata kidole. Nilimsalimu, akajibu, "Sema, mzee," macho kwenye simu. Nikamwekea tairi mezani. "Hapo ulijaza upepo mwingi. Haina waranti hiyo." Zimepita wiki kadhaa na neno hilo halijanishuka, maana siku ya kununua ni yeye aliyeyajaza yote mawili hadi psi 120, akasema resi bila 120 si resi. Aliyeyapunguza ni mimi.

Kwa hiyo tuanze na upepo, kabla ya uzuri wa matairi yenyewe. Ni mazuri, nitafika huko.

Namba iliyochapwa ubavuni ni kikomo cha juu, si kipimo cha kuendeshea. Kwa mtu wa kilo 78 juu ya baiskeli ya kilo 9, tairi la milimita 25 kwenye ringi yenye upana wa ndani wa milimita 17, naweka psi 85 nyuma na 80 mbele. Gurudumu la nyuma hubeba kama asilimia 60 ya mzigo, ndiyo maana haviwi sawa. Mwenye kilo 60 hivi ashuke hadi 75 na 70. Ukihamia tairi la milimita 28, toa psi 10 hadi 15 kwa kila gurudumu. Kwenye lami iliyonyooka kama kioo, 120 inaweza kuvumilika. Kwenye lami yetu ya kokoto zilizotokeza, tairi gumu halimezi kokoto, linairusha juu baiskeli na mtu wake, na kila mrusho ni nguvu iliyotoka miguuni ikapotea. Unadhani unakwenda kasi kwa sababu unatetemeka.

Na ushauri ule wa 120 si wa kupuuza tu, ni wa hatari. Ringi nyingi mpya za kaboni hazina ndoano ya kushika tairi upande wa ndani wa kingo zake. Kikomo cha hizo ni baa 5, yaani psi 72 na kidogo, na zinataka matairi yaliyotengenezwa kutumika bila tyubu. Tairi la kawaida lililojazwa 120 kwenye ringi ya namna hiyo linaweza kuchomoka katikati ya mteremko. Kijana hakuniuliza nina ringi gani. Hakutazama. Alichomeka pampu akajaza.

Sasa mchaniko. Tairi huonyesha lenyewe kilicholiua, na fundi anayejiheshimu huanza kwa kulisoma. Likiuawa na upepo mwingi, utakuta ule ukingo unaokaa ndani ya ringi umetanuka au umeachia, nyuzi zimefumuka na kusimama kama ufagio, na mara nyingi mpasuko ni mrefu, unafuata mzunguko wa ringi. Upepo ukiwa mdogo na ukapiga shimo, ringi huibana tyubu, nayo hutoka na matundu mawili sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Tyubu ikiwa na kitundu kimoja upande unaotazama spoku, utepe wa ringi umehama na tundu la spoku limebaki wazi. La kwangu lilikuwa na mkato wa mshazari, nyuzi zimekatwa sawasawa kama kwa wembe, mpira wa nje umekatwa zaidi kuliko kitambaa cha ndani, na tyubu ilikuwa na mpasuko mmoja mahali palepale. Hicho ni kitu kilichoingia kutoka nje: jiwe au ukingo wa lami. Dakika moja ya kutazama ingetosha.

Haya, mwendo. Njia ilikuwa ya Arusha kwenda Monduli kupitia Kisongo, ambako lami nzuri na lami mbaya zinapokezana.

Kwenye mizani ya jikoni, tairi la zamani, la waya (ukingo wake una waya ndani), lilikuwa na gramu 385. Jipya, la kukunja, lisilo na waya huo, gramu 225. Kwa jozi tofauti ni gramu 320. Wanaosema gramu hizo ndizo zitakazokupandisha mlima wapige hesabu: mtu na baiskeli ni kilo 87, kwa hiyo gramu 320 hazifiki hata nusu ya asilimia moja, na kwenye mlima wa saa nzima unaokoa kama sekunde 13. Ukiondoka kutoka kusimama, uzito ulio pembezoni mwa gurudumu huhesabika karibu mara mbili, basi kwenye mataa utahisi kidogo. Raha ya tairi jepesi haitoki kwenye wepesi, inatoka kwenye kitambaa chake. Mwili wa tairi ni nyuzi zilizolazwa ndani ya mpira. Tairi la bei ya chini lina nyuzi 30 hadi 60 kwa inchi, nene, na mpira mwingi katikati. Haya yana 120, nyembamba, na mpira kidogo. Kila sehemu ya tairi inapogusa lami inabonyea kisha inajirudisha, na kitambaa kinene hula nguvu katika kule kujipinda, ikageuka joto. Kitambaa laini hula kidogo. Kati ya tairi gumu la mazoezi na tairi zuri la mashindano, tofauti kwa jozi inavuka wati 10 kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na wati 10 mtu anazihisi.

Nilizihisi. Baada ya uwanja wa ndege wa Arusha barabara inafunguka, na gia niliyozoea ikawa nyepesi mno, nikashuka jino moja nyuma na kukaa hapo bila kuongeza pumzi. Kwenye rasta, vile vituta vya mfululizo barabarani, ambako tairi la waya hutia ganzi vidole, haya yalipita kwa mguno mdogo tu. Hata sauti ni nyingine: la waya huvuma kama mashine ya kusaga iliyo mbali, haya yananong'ona. Kwenye kona nilikwenda pole kilomita 15 za mwanzo, kwa sababu mpira mpya hutoka kiwandani na utelezi juu yake, na nawashauri wote wafanye hivyo au waufute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Baada ya hapo baiskeli ililala kwenye kona kama imeshikwa mkono. Siku hiyo hadi Meserani ningemwambia mtu yeyote auze alichonacho ayanunue.

Kupita Meserani kidogo, lori likanilazimisha kutoka nje ya lami. Bega la barabara pale liko chini ya lami kwa upana wa vidole viwili, na ukingo wenyewe umemegeka, una ncha. Kurudi juu tairi la nyuma likakwaruza ubavu. Ukingo kama ule unatakiwa kupandwa uso kwa uso, umeinuka kutoka kwenye tandiko, si kwa mshazari. Hilo nalikubali. Lakini tairi la waya limekwaruza ukingo uleule mara nyingi, likabaki na mchubuko tu.

Na hapa ndipo neno la duka linaponiwasha. Niliambiwa "haya hayapati pancha." Ule mkanda wa kinga unaotajwa kwenye boksi umelala chini ya sehemu inayogusa lami, basi. Mbavu hazina mkanda. Ni nyuzi na ngozi ya mpira, unene haufiki milimita moja. Ukitaka kujua kabla hujalipa, finya ubavu kati ya vidole viwili kisha finya katikati ya tairi. Ubavu ukikunjika kama kitambaa cha shati na katikati pakakataa, umeshapata jibu. Yapo matairi ambayo mkanda unatoka ukingo hadi ukingo. Huongezeka uzito kidogo na kupoteza ulaini kidogo. Hayo ndiyo ya kuuliza ukiwa unapita Kisongo, Makuyuni au barabara yoyote yenye bega lililomegeka. Muuzaji anayejua kazi yake angeuliza unaendesha wapi kabla ya kutaja bei.

Ukichanika barabarani, usiweke tyubu mpya ukajaza hivihivi, itatokeza kwenye mchaniko kama puto na kupasuka. Toa tairi upande mmoja. Pitisha pamba ndani mzunguko mzima, itanasa kwenye mwiba au kile kiwaya chembamba cha matairi ya malori yaliyopasuka, ambacho kidole hakikioni. Kata kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, sentimita 3 kwa 5, chonga kingo zake ziwe nyembamba, kilaze ndani juu ya mchaniko, kisha rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili ikishikilie. Jaza psi 60, usizidishe, endesha ukiwa umeegemea mbele kidogo. Kipande hicho kinakaa kwenye mfuko wa tandiko na hakina uzito wa maana. Yale maji ya kuziba hayatakusaidia hapa. Ni mazuri kwa mbigili, mililita 30 ndani ya tyubu yenye vali ambayo kiini chake hufunguka, lakini tundu la milimita 12 ni mlango.

Tairi lilifika kwa fundi aliye chini ya mti. "Shikamoo, mzee," akalipokea kwa mikono miwili, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mkato. "Hili limekatwa na ukingo wa barabara." Bila kuambiwa. Nikamuuliza kuhusu kulishona kwa uzi wa nailoni, kama wanavyoshona matairi ya baiskeli za Phoenix. Akakataa, na sababu yake ni sahihi: kwenye Phoenix nyuzi ni nene na sindano hupita kati yake, kwenye kitambaa hiki nyuzi zimebanana, sindano huzikata, na kila tundu la sindano ni mwanzo wa mchaniko mwingine. Alifanya kwa dakika mbili, bure, kazi ambayo duka lililochukua laki mbili na nusu kwa jozi lilikataa kuifanya.

Kuyafunga kunahitaji mkono mtulivu, ukingo wake wa kukunja ni mgumu kuuvusha ukiwa mpya. Fuata mshale wa mwelekeo. Anza upande ulio mkabala na vali na umalizie kwenye vali, kwa sababu vali inaziba ule mfereji wa katikati ya ringi, na ukingo lazima uzame mfereji huo upande wa pili ndipo upate nafasi. Pakaa poda kwenye tyubu. Umalizie kwa viganja, au vijiko vya plastiki ikibidi. Bisibisi itatoboa tyubu na kuchubua ringi. Ukishajaza psi 20, zungusha gurudumu ukitazama pande zote mbili kama tyubu imebanwa chini ya ukingo, sukuma vali ndani kisha ivute, ndipo uendelee. Vali nyembamba inataka kiunganishi cha shaba kwenye pampu ya kituo cha mafuta, na hapo usimwachie mtu mwingine kazi, kompresa inajaza tyubu ndogo kama hii ndani ya sekunde chache.

Nilikuwa nimepanga kuandika neno moja, msinunue, na siwezi. Tairi lilifanya kile lilichotengenezwa kufanya, na kwa kilomita zile hadi Meserani lilifanya vizuri kuliko tairi lolote nililowahi kufunga. Kwa anayezunguka kwenye lami isiyomegeka, nunua yote mawili. Mbele, hata huku kwetu, nunua, maana la mbele hubeba kidogo na unaliona linapokwenda. Nyuma, kwa njia ya Monduli, hapana. Halafu namkumbuka kijana yule na ile "Sema, mzee," nataka kufuta hata hilo la mbele. Silifuti. Ila msiyanunue pale, na mahali popote muuzaji anapojaza 120 bila kuuliza kilo zako, chukua tairi lako utoke.

La mbele bado limo kwenye gurudumu, psi 80, halijachubuka. Nyuma nimerudisha lile la waya la gramu 385. Ninachopima sasa ni kama milimita 28 yenye kinga ya mbavu itaingia. Ili iingie inatakiwa kubaki nafasi ya milimita 4 kati ya tairi na fremu kila upande, na milimita 28 itakula kama moja na nusu kila upande. Kwa hiyo kwa hili la 25 panatakiwa milimita tano na nusu. Nilishika funguo mbili za heksagoni, ya milimita 4 na ya 6, nikazipitisha kati ya tairi na fremu. Kulia ya 6 imepita. Kushoto imepita ya 4 tu, na gurudumu limenyooka. Fundi wa chini ya mti ameniambia nimletee fremu Jumamosi aitazame.