Mrejesho hasi na mrejesho chanya katika mwili

Asubuhi ya mwezi Julai huko Makete, umande ukiwa umeganda juu ya nyasi, mtu anayetoka nje bila koti huanza kutetemeka kabla hajaamua lolote. Huo ni mrejesho hasi: haipothalamasi, iliyo ndani ya ubongo, hupima joto la damu, hulilinganisha na kiwango cha takribani nyuzi 37 za Selsiasi, kisha huamuru mishipa midogo ya ngozi isinyae na misuli itetemeke ili izalishe joto. Akiteremka hadi Kyela, kwenye joto la kando ya Ziwa Nyasa, amri hugeuka: mishipa hutanuka na jasho hutoka. Katika hali zote mbili jibu hupinga badiliko lililolianzisha, na kadiri joto linavyokaribia kiwango chake ndivyo amri inavyofifia. (Neno "hasi" hapa halina maana ya ubaya, ingawa wanafunzi wengi hulielewa hivyo.)

Mrejesho chanya hulikuza badiliko badala ya kulipinga. Wakati wa uchungu wa uzazi, kichwa cha mtoto hukandamiza mlango wa kizazi, homoni ya oksitosini humwagwa katika damu, mji wa mimba hujikaza zaidi, na mkandamizo huongezeka mpaka mtoto azaliwe. Kuganda kwa damu kwenye jeraha pia hufuata njia hii.

Kwa kudumisha uwiano wa kila siku, mrejesho hasi ndio unaofaa. Ule chanya huhitaji tukio la kuukomesha. Joto la mwili lingedhibitiwa kwa njia hiyo, lingezidi kupanda.